Jengo Lisilo na Baraza

Mimi ni fundi wa barazani. Wako mafundi wenye maduka yao, wenye vioo na picha za mishono ukutani, nami siwaonei wivu. Sana sana nawaonea huruma kwa lile joto la ndani. Zaidi ya nusu ya umri wangu nimeshona nje ya duka moja la vitambaa hapa Shinyanga mjini, kwenye mtaa ambao zamani ulikuwa vumbi na baiskeli. Leo ni lami tupu, taa za barabarani zinawaka, na ukihitaji kope za bandia ghafla utazipata.

Mwenye duka ni mzee Mhindi aliyezaliwa hapahapa, na Kisukuma chake ni safi kuliko cha wanangu. Makubaliano yetu hayakuandikwa popote. Yeye aliuza kitambaa ndani, mimi nikakishona nje. Mteja alipotoka na kitenge chake, kabla hajamaliza kukikunja, mimi nilishamwekea futi begani. Mzee alinipa kivuli, mimi nikamfagilia baraza na kumletea habari za mtaa, na habari za mtaa si kitu kidogo kwa mtu anayeshinda nyuma ya kaunta.

Nisisingiziwe kwamba nilichukia maendeleo. Lami ilipokamilika nilivaa viatu vipya nikaenda kuikanyaga. Duka la dawa, banda la chipsi kuku, saluni yenye viti vinavyozunguka, kote niliingia. Kope tu ndizo sikubandika, na ni kwa sababu binti yangu alinizuia. Kwa hiyo Mzee aliponiambia kwamba anabomoa duka la babu yake ajenge ghorofa, nilipiga vigelegele mpaka bodaboda wakageuka kutazama.

Kisha wakatundika mchoro wa jengo kwenye uzio wa mabati. Niliutazama mpaka shingo ikauma. Kioo kutoka chini mpaka juu, miti ambayo haioti Shinyanga, na watu wembamba wanaotembea bila mzigo wowote.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, fundi. Umeliona?"

"Nimeliona. Zuri sana. Baraza liko wapi?"

Akautazama ule mchoro kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Siku hizi watu hawakai nje, fundi. Ndani tutaweka kiyoyozi. Wewe nimekutengea chumba juu, chenye dirisha."

Moyo ulinishuka. Lakini mtu amekukumbuka, amekutengea chumba chenye dirisha, utamjibu nini? Nilishukuru. Na kwa kuwa sipendi kuonekana nimepoteza, nilipita kwa mashoga zangu wote nikitangaza kwamba sasa mimi ni fundi wa ghorofani, wasije wakanizoea.

Jengo lilipoisha tulihamia hata kabla halijazinduliwa. Ghorofani nilipata dirisha, soketi ya pasi ya umeme, na upweke. Wateja wangu wengi ni watu wa mashambani, wanaokuja mjini wakishauza pamba au ng'ombe. Wakifika mlangoni wakaona marumaru inavyong'aa, wanavua viatu, wanaviacha nje, halafu wanaogopa kuibiwa, wanarudi kuvilinda. Wengine walisimama barabarani wakaita, "Fundi weee! Shuka utupime!" Nikashuka. Nikapanda. Nikashuka tena. Waliopanda wenyewe walikuwa wachache, na hao hawakukaa. Walipimwa wakaondoka, hakuna soga, hakuna wa kumwambia mwenzake kwamba mshono ule haumfai.

Mdogo wangu ana duka la nguo Geita, Kalangalala, na kila jioni alinipigia simu. "Dada, njoo huku. Wachimbaji wakipata mali, wake zao wanashona nguo tatu kwa mpigo. Unang'ang'ania nini huko?" Kuondoka Shinyanga kwa umri wangu, kuanza kujuana na watu upya, lilikuwa jambo la kuniliza. Lakini cherehani isiyozunguka hailishi mtu. Nikamwambia anisubiri mpaka uzinduzi wa jengo upite. Nikiona hakuna mabadiliko, nitapakia cherehani yangu kwenye basi.

Siku ya uzinduzi mtaa ulijaa. Palikuwa na maputo, maspika, na mshereheshaji mwenye koti la kumetameta. Mzee alipasua nazi kizingitini kama ilivyo desturi ya kwao, watu wakashangilia, soda zikaanza kugawiwa. Huko juu nami nilibahatika kupata mteja: mama mmoja wa Mhunze, ameletwa na binti yake kupimwa gauni la kuvaa kwenye harusi ya ndugu. Mume wa binti ndiye aliyewaendesha kwa kigari chake kidogo cha mizigo, mama amekaa nyuma kabisa penye mizigo, na kijana mwenyewe alibaki chini.

Nilipomaliza kumpima, yule mama alisikia harufu ya pilau akatangulia kushuka. Wakati huohuo mkwewe alikuwa anapanda kumwita mke wake, kwa sababu kigari chake kilikuwa kimeziba njia. Wakakutana kwenye kona ya ngazi.

Kwetu Usukumani mama mkwe na mume wa bintiye hawasogeleani. Si ugomvi, ni heshima kubwa. Wakionana njiani, mmoja huingia majanini akampisha mwenzake. Sasa kwenye ngazi hakuna majani ya kuingia. Mama aligeukia ukuta wa kulia, akajifunika khanga mpaka kichwani. Kijana akageukia ukuta wa kushoto, paji la uso limegusa rangi mpya. Nyuma ya kijana wageni walikuwa wanapanda, maana mshereheshaji alikuwa anapaza sauti, "Karibuni ghorofani, ndugu wananchi, msione haya!" Nyuma ya mama tulikuwa mimi na binti.

"Fundi," mama akaliambia lile zege, "mwambie huyo aliyeko hapo arudi chini."

"Fundi," kijana naye akauambia ukuta wake, "mwambie mama nashindwa. Nyuma kumejaa."

Nikawa nawafikishia maneno waliyokuwa wakiyasikia wenyewe vizuri kabisa, maana ndivyo inavyotakiwa. Wageni wote kwenye zile ngazi walikuwa watu wa huku. Hakuna aliyesukuma, hakuna aliyecheka. Binti tu ndiye aliyeng'ata ncha ya mtandio wake, mabega yanamtikisika. Ngazi nzima ikasimama, na mshereheshaji anaendelea kutukaribisha.

Mzee alipoona watu hawapandi wala hawashuki, alikuja kuchungulia. Aliangalia ile migongo miwili akarudi dukani mbiombio, akatoka na jora zima la kitenge cha bluu. Akashika ncha moja, akamrushia jora mgeni aliyekuwa karibu, likapitishwa mkono kwa mkono likijifungua, mpaka likanifikia mimi juu. Tukaliinua. Ngazi ikagawanyika katikati kwa kitambaa, huku njia ya mama, huku njia ya mkwewe.

"Mayu, pita mama yangu," Mzee akasema kwa Kisukuma, ameinamisha macho. "Mkwe hakuoni."

Mama akashuka taratibu, kwa fahari zote, na upande wa pili kijana akapanda. Mama alipofika chini ndipo vigelegele vikalipuka. Yeye akashika pindo la kile kitenge, akalisugua kwa vidole, akamwambia Mzee amkatie doti mbili. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi.

Lakini jioni, nikifungasha vitambaa vyangu, sikucheka tena. Mteja mmoja niliyempata alikuwa ameponea chupuchupu. Huyo hatapanda tena, na atawasimulia wa Mhunze wote. Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia aniandalie mahali pa kulala.

Asubuhi nilishuka na maneno ya kuaga mdomoni. Nikamkuta Mzee amesimama nje, kwenye jua, anakitazama kioo chake.

"Fundi, nilidhani baraza ni kivuli tu," alisema kabla sijamwamkia. "Kumbe pale ndipo watu walipokuwa wanapishana. Nimejengea wateja wa kwenye picha." Akagonga kioo kwa kidole. "Hiki kinahamishika. Mafundi wa aluminiamu wanakuja leo. Chora kirudi nyuma mpaka wapi."

Yale maneno ya kuaga sijui yalipotelea wapi. Nilitoa chaki yangu ya kuchorea vitambaa, nikaingia mlangoni, nikachora mstari hatua mbili tu kutoka kwenye kioo, mahali pa kutosha cherehani na kigoda. Sikutaka kuonekana nina tamaa.

"Hapo mteja atakaa wapi?" akauliza.

Nikaufuta, nikausogeza ndani kidogo.

"Na mama mkwe?"

Kabla sijajibu alinichukulia chaki mkononi. Akaingia ndani zaidi, akapita rafu ya khanga, akapita meza ya vitenge vipya aliyokuwa akijivunia, akainama huku magoti yakimlia, akachora mstari kutoka ukuta hadi ukuta, karibu kabisa na kaunta.

"Mzee!" nikapiga kelele. "Utabaki na duka la kuuzia vifungo!"

"Vifungo nao vina wateja," akasema, akijishikiza kwenye kaunta ili ainuke.

Mstari wenyewe ulikuwa umepinda vibaya, maana hajawahi kushona maishani mwake. Nikapiga magoti kuunyoosha, na kwa kweli nilipiga magoti ili asiyaone machozi yangu. Niliunyoosha kuanzia ukuta hadi ukuta, lakini sikuurudisha nje hata kidogo.