Mshahara Pembeni, Pensheni Jikoni

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa kijana wa miaka sitini. Usicheke. Umri wa kustaafu ulikuwa umenifikia kwenye karakana ya vyuma kule Chang'ombe. Nikalipwa mkupuo wangu wa mafao, na pensheni ikaanza kuingia kila mwezi. Lakini bosi alikuwa hajapata fundi wa kushika mashine yangu, akaniomba nibaki kwa mkataba wa mwaka mmoja. Basi nikawa na mshahara mkono huu, pensheni mkono ule. Nilijiona mtu, hata mwendo nikabadilisha.

Siku hiyo tulikuwa kwenye kikao cha kamati ya harusi ya mtoto wa rafiki yangu, Kinondoni. Unavijua vikao hivyo: katibu anaita majina, kila mtu anasimama anataja ahadi yake. Wenzangu walitaja elfu hamsini, wengine laki. Mwenyekiti aliponikaribisha kama "mstaafu wetu anayelipwa mara mbili," kichwa kikavimba. Nikasimama, nikasema milioni mbili. Vilipigwa vigelegele, mwanangu, mpaka nikatamani kuongeza. Wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Hapo akasimama dada yangu mkubwa, Mwajuma, aliyeuza chakula sokoni miaka mingi na hajawahi kuogopa kikao.

"Katibu, futa hiyo. Andika laki."

Katibu akanitazama. Mie nikatazama viatu vyangu.

"Mkewe bado yuko kwenye vyumba viwili vya kupanga," dada akaendelea, "na boma lao la Mbweni linaota majani ndani. Mkataba ukiisha, nyie kamati ndo mtamwezekea?"

Laki ikaandikwa. Nilikasirika, ila aibu ilizidi hasira. Kumbe mke wangu, Mama Salma, alikuwa amemlilia wifi yake kwamba anaogopa kuzeekea kwenye nyumba ya kupanga. Mimi alikuwa ameniambia mara tatu, nami sikusikia, maana mwenye pesa mbili husikia nusu.

Dada hakuniomba radhi. Alinipa kazi.

"Kuanzia mwezi huu mle pensheni peke yake. Mshahara usiuguse, mpe wifi aezeke. Jifunze kustaafu ungali na kazi."

Mwezi wa kwanza ulinitoa jasho. Tarehe ishirini sukari iliisha, nikanywa chai hivyo hivyo, nimenuna. Soda nilizokuwa nikiwanunulia vijana wa karakana kila mchana nikaziacha, wakaniita bahili. Kufikia mwezi wa nne tulikuwa tumezoea. Mkupuo ukamalizia kuta, mshahara ukageuka mbao na bati, na kabla mwaka haujaisha tukahamia Mbweni.

Mkataba haukuongezwa. Mwisho wa mwezi uliofuata, mshahara haukuingia. Mama Salma alipika kama kawaida, akalipa umeme, akanunua samaki.

"Mbona humu ndani hakuna kilichopungua?" akanitania.

Nililia kidogo, sikufichi, kwa furaha.

Mwanangu, ukifika umri huo ukalipwa mafao na kazi bado unayo, usihesabu kuwa umetajirika. Pensheni ndiyo utakayobaki nayo, basi jifunze kula hiyo mapema. Mshahara ni mgeni anayekaribia kuaga. Mpe kazi ya kudumu kabla hajaondoka. Akiba haiozi.

Mungu akupe kazi ndefu na uzee mwepesi, na siku mshahara wako wa mwisho utakapopita, watoto wako wale washibe bila kujua.