Sinia Lililogeuka Yai

Alhamisi saa tatu asubuhi Mama Vero aliingia studio bila hodi, akaitupa DVD mezani, akakaa. Hosiana akajua kumekucha, maana mtu aliyekuja kugomba hapigi hodi.

"Mama Amani, umeniulia mwanangu."

Hosiana akasimama. "Vero? Kafanyaje Vero?"

"Yupo nyumbani, mzima. Hali wala hanywi, kajifungia chumbani. Lakini huko Kinole wanajua anakufa."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Veronika, binti pekee wa huyu mama, alikuwa amevishwa pete na Dominiko, kijana wa Kinole anayeleta ndizi na iliki sokoni Morogoro. Mjomba wake Dominiko, mzee Lukasi, hakuweza kushuka mlimani siku ya pete kwa sababu ya mguu, na hajawahi kumtia Vero machoni. Sasa kwa Waluguru, kama hujui, neno la mjomba ndilo neno. Baba mtu anaweza kusema mpaka koo likauke. Basi ikaamuliwa mzee apelekewe picha ya siku ile ya pete. Mpigapicha wa Dar, mwenye kamera mpya ya kisasa, alikuwa ameacha DVD ya saa tatu nzima. Hosiana akapewa aifupishe iwe nusu saa, aweke majina na muziki. Akaifanya. Mama Vero akaitazama, akaifurahia, ikapandishwa mlimani.

Mzee Lukasi aliitazama kwa jirani mwenye jenereta. Akaona msichana mrefu kama mwanzi, shingo nyembamba, mashavu yamedidimia. Akasema, "Zimeni." Miaka ile mtu akikonda hakuna aliyeuliza anakula nini. Watu walivutana pembeni wakasema kakanyaga miwaya, yaani ana ukimwi, kisha wakaanza kuhesabu ni nani atamfuata. Na balaa juu ya balaa, kwenye picha hiyohiyo Dominiko naye alikuwa amekonda.

"Wanasema keshamwambukiza!" Mama Vero akalia sasa, kilio cha kweli. "Vyeti vya kupima wanavyo, wote wawili ni wazima. Unajua mzee kasemaje? Kasema karatasi haina mashavu. Dominiko kajieleza mpaka kachoka, kaambiwa mapenzi yamemtia upofu. Jumapili ni tangazo la tatu la ndoa kanisani, na mzee kasema lisisomwe."

"Si umpeleke Vero wakamwone?"

"Mwanangu si mbuzi wa mnadani! Na mwenyewe hataki hata kusikia. Halafu siku ya tano hii hajala kitu. Nikimpeleka leo si watasema, mnaona sasa?"

Hosiana akaiweka ile DVD kwenye deki. Vero akatokea, mrefu, mwembamba, kweli kabisa mtu wa kuonea huruma. "Mbona ulipoitazama mara ya kwanza hukusema kitu, Mama Vero?"

Mama Vero alikuwa mtu wa mwili, tena mwili hasa. Akatazama pembeni. "Mimi nilijiona nimependeza. Nikajua ni lile gauni."

Siku nyingine Hosiana angecheka mpaka akae chini. Leo hakuweza, maana macho yaliyopitisha picha ile yalikuwa yake, na macho hayo ndiyo yaliyokuwa yakimlisha maisha yake yote.

Alikuja Morogoro kutoka Upareni akiwa msichana, akaajiriwa kiwanda cha nguo, meza ya ukaguzi. Miaka kumi na mitatu khanga zilipita mbele yake na yeye akitafuta kosa. Kiwanda kilipouzwa wakapunguzwa wote siku moja, wakapewa kiinua mgongo na kupeana mikono. Wenzake wengi walifungua genge la nyanya. Yeye akanunua kamera ya mkanda, watu wakamcheka, mwanamke gani huyo anabeba kamera begani harusini? Waliomcheka ndio waliomwita kwenye harusi zao. Kamera ikaleta kompyuta, na kompyuta akajifunza mwenyewe, kwa kubonya na kukosea. Sifa yake mjini ilikuwa moja tu, kwamba kitu kikipita kwa Mama Amani kimekaguliwa. Na sasa hiki!

"Niachie mpaka kesho," akasema. "Na niletee lile sinia mlilobebea pete."

"Sinia la nini tena?"

"We lilete tu."

Alilitaka sinia kwa sababu jicho lake lilikuwa limeshika kitu. Katika picha, shangazi wa Vero anapita amebeba sinia hilo la pete kalielekeza kwenye kamera, na sinia lile lilikuwa limesimama kama yai. Kiwandani khanga yenye miduara ilikuwa na kipimo chake. Mashine ya kukausha ikikivuta kitambaa kupita kiasi, mduara unageuka yai. Msimamizi wao alikuwa akisema, "Usikilaumu kitambaa, mtafute aliyekivuta." Ukipima kwenda juu na kwenda pembeni, unajua kimevutwa kiasi gani.

Akachukua futi ya fundi cherehani, akapima sinia juu ya kioo cha kompyuta. Kwenda juu sentimita kumi na mbili. Kwenda pembeni tisa.

"Wewe nani kakuvuta?" akaliuliza.

Akaitia deki DVD ya mpigapicha wa Dar, ile yenyewe ya saa tatu. Sinia duara! Vero na mashavu yake yote, picha pana, na utepe mweusi juu na chini ya kioo cha televisheni. Kumbe DVD ilikuwa nzima. Kosa lilitokea ilipoingia kwenye kompyuta, na aliyeiingiza ni yeye.

Akaanza. Kwanza akaiambia programu ya kuhariria picha kwamba kazi yote ni ya picha pana. Vero akabaki mwembamba vilevile, ila sasa amesimama katikati ya kuta mbili nyeusi. Akajaribu kuivuta picha kwa mkono, aipanue. Mashavu yakarudi, lakini pembeni pakakatika, nusu ya keki ikapotea na shangazi akabaki mkono mtupu unaobeba sinia. Akasonya. Mtu hamrudishi mkwe kwa kumkata shangazi.

Saa saba hajala. Akarudi nyuma, akabonya ile picha yenyewe kwa kitufe cha kulia, akasoma sifa zake mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akipitisha kitambaa. Hapo akakiona. Kwenye umbo la picha, programu ilikuwa imejiandikia yenyewe: ya kawaida, nne kwa tatu. Akaelewa kila kitu kwa mara moja, akajipiga paji la uso. Picha pana huwekwa kwenye DVD ikiwa imebanwa, na ndani yake mna maelezo kwamba ikifika ipanuliwe. Deki iliyasoma maelezo hayo. Programu haikuyasoma, ikaichukua picha ilivyobanwa, na Hosiana hakuikagua. Akabadilisha: pana, kumi na sita kwa tisa. Akahakikisha na ile DVD mpya inaandikwa pana, isije ikabanwa tena njiani. Kisha akaitia deki na kupima sinia kwenye televisheni mara tatu kwa futi, maana alikuwa haamini tena macho.

Duara. Kwenda juu na kwenda pembeni sawasawa kabisa.

"Alhamdu... Bwana asifiwe!" akapaza sauti, Mlutheri mzima, jirani yake wa duka la vyombo akachungulia kuona kuna nini.

Jumamosi asubuhi alipanda Kinole na gari la matunda lililokuwa linarudi tupu, yeye, DVD mbili na sinia mapajani. Mzee Lukasi alikuwa barazani, mguu juu ya kigoda, mwembamba kuliko mtu yeyote aliyekonda kwenye ile picha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wewe ndiye wa picha?"

"Ndiye mimi, na kosa ni langu. Naomba unitazamie kitu kimoja tu. Usimtazame binti, tazama sinia."

Jenereta ikawashwa. Akaweka DVD mbaya, akaisimamisha kwenye sinia, kisha akalishika sinia lenyewe kando ya televisheni. Mzee akatazama huku, akatazama kule. "Hilo la ndani yai," akasema. Akaweka DVD nzuri. Shangazi alipita na sinia lake la duara, akaja Dominiko na bega lake pana, akaja Vero, akicheka, mashavu yamejaa. Mwisho akaja Mama Vero.

"Huyu ni yule mama wa mwanzo?"

"Ndiye."

"He!" Mzee akacheka mpaka mguu ukamuuma. Kisha kicheko kikamwisha ghafla. "Mwanangu, usidhani mimi ni mtu mbaya. Nimezika wapwa wawili waliokuwa hivyohivyo. Nilipomwona na Dominiko kakonda, nikasema basi, huyu wa tatu." Akafuta macho kwa kiganja, bila kuona haya. "Nendeni mkamwambie katekista asome kesho."

Hosiana alishuka mlimani kwa furaha, na mkungu mzima wa ndizi mbivu miguuni. Alipofika kwa Mama Vero hakumkuta mtu sebuleni. Akaenda moja kwa moja kugonga mlango wa chumbani.

"Vero. Fungua, kuna mzigo wako."

Mlango ukafunguka kidogo. Macho yamevimba. "Wamesemaje?"

"Mjomba Lukasi hakusema mengi. Kaniambia, mpelekee mkwe wangu ndizi."

Vero akashika fremu ya mlango. "Kasema mkwe?"

"Kasema mkwe. Na tangazo kesho."

Msichana akakaa palepale sakafuni, akakwanyua ndizi, akamenya, akala. Akala ya pili huku analia. Mama yake akatokea jikoni, akaona maganda, akaweka mikono kichwani. Vero alipofika ya tano ndipo mama aliposema, "Taratibu basi, we mtoto, gauni limeshashonwa."