Namba Zinazoruka

Fundi alikwama ndani ya chumba cha kugandishia samaki, kitasa kimevunjika, simu ameiacha nje. Akakibana kipimajoto cha ukutani kiganjani ili joto lipande, kengele ilie kwenye kompyuta ya shemeji yake, ofisini. Hakuja mtu. Ndipo akakumbuka: asubuhi, kwenye kompyuta hiyohiyo, yeye mwenyewe alichora kisanduku cha kuchuja kwenye programu ya kengele, akakiunganisha kwa mstari na kipimajoto, kitupe kila namba ya joto inayoruka ghafla.

"Namba vichaa hazitusumbui tena, shemeji!" alikuwa amejigamba.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Akakiachia kipimajoto kipoe, meno yakigongana. Kisha akasogeza kiganja polepole, kama anayenyatia kuku, joto lipande kidogo kidogo, kisanduku kisilitupe.

Kengele ikalia ofisini, shemeji akaja mbio. Mlango ukavunjwa.

"Toka, shemeji! Au umeshakuwa samaki?"