Siku Tulipogeuza Dagaa wa Msanii

Ilianza Jumamosi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nje ya geti la nyumba ya maonyesho ya sanaa kule chini karibu na ziwa. Saa naikumbuka kwa sababu tangu saa nne kasorobo nilikuwa nimesimama pale nikiangalia simu ya mama mdogo, najifanya nasubiri mtu. Mlinzi alinivumilia, mwisho akachoka.

"Dada, unaingia au umekuja kulinda na wewe?"

Mama mdogo akacheka, akanisukuma ndani. Yeye anauza dagaa sokoni Mabatini, na siku hiyo alifunga meza yake kwa ajili yangu. Mama ndiye aliyemtuma. Alikuwa amesikia kwamba kuingia ni bure, na mama haamini kitu cha bure. "Nenda naye," alimwambia mdogo wake, "ukaone wanachouza."

Mimi nilikuwa na shida moja tu. Mlangoni walikuwa wamebandika tangazo: darasa la kuchora wakati wa likizo, bure, wanafunzi kumi, ujiandikishe kwa msanii mwenyewe, mwisho Jumapili saa sita mchana. Chini yake majina tisa yalikuwa yameshaandikwa. Shuleni kwetu hakuna somo la kuchora. Nachora nyuma ya daftari la Baiolojia, na mwalimu ameshaniambia kwamba chura wangu ana maringo. Nafasi ile moja niliitaka kuliko kitu chochote. Ila ilibidi nimwendee mtu mzima nisiyemjua, nifungue mdomo, nimwombe. Mimi darasani nikiitwa jina nanyoosha mkono badala ya kuitika.

Basi nikaanza kuzunguka. Kulikuwa na kiti kisicho na miguu kimening'inizwa darini. Kulikuwa na mifuko ya saruji iliyoshonwa ikawa gauni la bibi harusi. Mama mdogo aliligeuza pindo akakagua mshono, akasema fundi ni mvivu. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba haviguswi.

"Nani kasema?"

Nikamwonyesha kibao. Akakisoma mpaka mwisho. "Hiyo ni ya watoto."

Nikamwacha, nikaenda kuchungulia chumba cha nyuma kama msanii yupo, huku nikiomba asiwepo. Hakuwepo. Nilivyorudi nikamkuta mama mdogo katika chumba kikubwa, amesimama kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

Sakafuni kulikuwa na wavu wa bluu umetandazwa, na juu yake dagaa, maelfu, wamepangwa mistari mistari kama mawimbi, vichwa vyote upande mmoja. Ukutani pameandikwa "Ziwa Linakumbuka". Kusema kweli, nilipoona nilisisimka.

"Hawa nani kawaanika ndani?" mama mdogo akauliza. "Kivulini! Upande mmoja!"

"Mama mdogo, hiyo ni sanaa."

"Sanaa gani inanuka hivi? Chini wameshaanza kuvunda. Mtu kahangaika ziwani usiku kucha, halafu watu wanamharibia." Akakaza kitenge, akachuchumaa, akaanza kuwageuza kwa viganja viwili, haraka haraka, kama anavyofanya kila siku. "Njoo ushike huku."

Nilijua kabisa. Nilikisoma kile kibao mimi mwenyewe. Lakini chumbani kulikuwa na watu wanne, na kubishana na mama mdogo mbele za watu kulihitaji sauti. Kuchuchumaa hakukuhitaji sauti. Kwa hiyo nikachuchumaa. Nikageuza kama robo ya ziwa.

Mama mmoja aliyevaa suti nzuri alikuja akasimama mbele yetu, nikajua sasa tumekwisha. Akavua viatu. "Kwetu Ukerewe tunaanzia pembeni," akasema, akajiunga.

Tulikuwa tumebakiza mistari miwili hivi msanii alipoingia na kikombe cha chai. Kijana mwembamba, suruali imejaa rangi. Akasimama. Akatuangalia sote watatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiyo wewe mwenye hawa dagaa?"

"Ndiyo."

"Baba, umewapoteza."

"Nimewapanga siku tatu, mama."

"Siku tatu hujawageuza! Ndiyo maana!"

Nilitamani sakafu inimeze pamoja na wale dagaa. Msanii akakaa chini, akaokota mmoja, akamnusa, akakunja uso. Halafu akaanza kucheka mpaka chai ikamwagika. Akauliza wanageuzwa mara ngapi. Mama mdogo akamwambia kwa siku mara mbili, na jua liwepo, siyo hizi taa zake. Mwisho wakakubaliana: wahamishiwe uani kwenye jua, na mama mdogo aje kila asubuhi kabla hajafungua meza, awageuze mbele ya wageni. Jina lake likaandikwa ukutani chini ya la msanii. Mimi niliyekuja na ndoto nilikuwa nanuka dagaa tu.

"Na huyu mwanangu," mama mdogo akasema, "ana neno anataka kukuambia. Haya, sema."

Wote wakanigeukia. Yule mama wa Ukerewe akanitabasamia. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa hiki:

"Choo kiko wapi?"

Nilikaa chooni robo saa nikisoma maandishi ya kwenye ndoo ya sabuni. Nilipotoka, msanii alikuwa ameondoka kwenda kutafuta chanja ya kuanikia dagaa. Njia nzima mpaka nyumbani Igoma mama mdogo hakunisema, na hilo ndilo lililoniuma.

Asubuhi yake, Jumapili, niliondoka peke yangu kabla ya ibada. Saa moja kamili nilikuwa getini. Mlinzi alipofungua tu, sikumpa nafasi.

"Shikamoo. Naomba nafasi ya darasa la kuchora. Nachora vizuri isipokuwa vyura. Ile nafasi ya kumi naomba iwe yangu."

"Marahaba," akasema mlinzi. "Umeongea vizuri sana. Sasa kamwambie mwenyewe, yule pale bombani."

Msanii alikuwa anapiga mswaki, povu mdomoni. Nikamwendea, nikarudia yote tangu shikamoo, bila kuruka neno, maana nilijua hawezi kunikatiza. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye tangazo, akatoa kalamu mfukoni, akanipa. Nikaenda mlangoni nikaandika jina langu kwenye nafasi ya kumi, kubwa hadi herufi ya mwisho ikatoka nje ya mstari.