Kamba Shingoni mwa Daktari wa Nguruwe

Daktari wa nguruwe haingii banda la mtu kabla hajachovya viatu vyake vya mpira kwenye ndoo ya dawa, mguu wa kulia kwanza, kwa unyenyekevu wa mtu anayebatizwa. Nthoki, mfugaji wa mtaa wa Huruma, alikwisha kumzoea: glavu mpya kila banda, sindano mpya kila nguruwe, na kamba moja ileile, banda hadi banda, ya kukaza pua ya nguruwe atulie adungwe, ambayo kazi ikiisha huning'inia shingoni mwake kama tai. Sauti yake hupanda tu akiona mabaki ya chakula cha hoteli wanayolishwa nguruwe. “Mama, chemsha hayo makombo. Utatuletea homa ya nguruwe.” Nthoki alikuwa akichemsha. Wiki mbili baada ya ziara ya mwisho ya daktari nguruwe wake wote kumi na mmoja wakafa kwa homa hiyo, na wafugaji wenzake wakamlaumu, wakambandika jina, Mama Makombo.

Juzi daktari alileta majibu ya maabara, akayasoma akifuata mistari kwa kidole. Vinasaba vya kirusi cha Huruma vilikuwa sawa, herufi kwa herufi, na vya kirusi cha banda moja la mtaa wa Makongeni ambako nguruwe walitangulia kufa.

“Makongeni?” Nthoki akauliza. “Daktari, mimi sijui mtu huko. Nani ametoka Makongeni akakuja kwangu?”

Kidole cha daktari kilikuwa kimesimama chini ya karatasi, kwenye tarehe za ziara zake mwenyewe: Makongeni Jumatatu, Huruma Jumanne. Akatazama viatu vyake, safi kabisa. Kisha mkono ukapanda polepole hadi shingoni, ukaikuta kamba, ukabaki hapo.

“Mama,” akasema, “waite hao wenzako. Nitawasomea mwenyewe.”