Kabula, Mlinzi wa Dagaa

Wengine wakisikia harufu ya dagaa walioanikwa huziba pua. Mimi humwona mdogo wangu Kabula. Humwona pale ufukweni Kirumba alipoanikia mama, nusu ya mwili imo mchangani, kichwa kinayumba, macho yako kwenye dagaa. Kabula alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hakuweza kukaa wala kusema, na shingo ilimlegea. Lakini kwenye benchi la hospitali mama alikutana na mwanamke wa Nansio aliyepakata mtoto wa namna hiyo hiyo, naye akamfundisha mama kwamba ukimchimbia shimo la kufika kiunoni, kisha ukamshindilia mchanga pande zote, mtoto anasimama. Na kweli alisimama! Msimu ule, mimi nikiwa darasa la tatu, alisimama kila asubuhi mchanga ukiwa bado na ubaridi, na mama akampa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kulinda. Kunguru wakitua kwenye dagaa, Kabula alipiga ukelele wake, "Aaama!", na mama akaja mbio na fimbo. Wingu likijikusanya upande wa ziwa alipiga ule ule, ila mrefu zaidi, nasi tukakimbilia kuzoa dagaa kabla hawajalowa. Wanawake waliokuwa wakimpita kwa mbali walianza kuja kuanika karibu naye. "Mama Kabula, tuazime mlinzi wako bwana," walimtania, na mama alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Sijamwona akicheka vile tena.

Kisha mama akataka Kabula aende shule. Palikuwa na shule yenye darasa la watoto wenye ulemavu, na mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya, ila alitaka kwanza daktari athibitishe kwamba mtoto anafundishika. Basi tukaenda hospitali, Kabula mgongoni kwa mama ingawa miguu yake ilishaanza kuburuzika chini, mimi nimebeba kifuko. Daktari alipiga makofi karibu na sikio lake, akamwita jina, akamwonyesha picha ya ng'ombe. Kabula akalikodolea macho pangaboi. "Mama, usijisumbue," akasema daktari, tena kwa upole, na upole huo ndio unaoniuma mpaka leo. "Huyu haelewi kitu. Hata kwamba wewe ni mama yake hajui. Mlishe, msafishe, zaa mwingine."

"Anaelewa, daktari. Kunguru wakija ananiita."

"Hizo ni sauti tu, mama."

Mama alitandika kanga sakafuni, akachukua kile kifuko kwangu, akamwaga dagaa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Ngoja uone," akasema. Daktari hakuona cha kungoja, akamwita mhudumu aje afagie. Yule dada alipougusisha ufagio kwenye dagaa, Kabula aliinua ile shingo yake isiyoinuka, akamtazama mama, akapiga, "Aaama!" Mama alilia na kucheka kwa pamoja. "Umemsikia? Daktari, umemsikia?" Daktari alikuwa ameshashika kalamu. "Ameshtushwa na ufagio," akasema, kisha akaita mgonjwa mwingine.

Mama alijaribu kwa madaktari wengine. Wote walisoma alichoandika yule wa kwanza, wakarudia yale yale, kana kwamba mtoto mwenyewe hayupo mbele yao. Mgongo wa mama ulipochoka kumbeba mpaka ufukweni, aliacha dagaa tukahamia Buswelu, mbali na ziwa. Huko tulipata nyumba ya tofali na umeme, lakini hapakuwa na mchanga wa kumsimamisha, hapakuwa na dagaa, hapakuwa na mtu wa kumwambia kazi yako hii. Kabula akawa wa kulala kitandani akitazama bati. Ukelele wake ukapungua, mwishowe ukaisha kabisa. Ni mtu mzima sasa, na mimi nimeshasahau ulivyokuwa ukisikika hasa.

Juzi tulimpeleka kliniki kwa ajili ya vidonda vya mgongoni. Madaktari wamebadilika, jamani, hilo sitalikana. Huyu wa sasa ni binti mdogo; alimwamkia mama shikamoo, akamwinamia Kabula, akawa anamweleza kila anachotaka kumfanyia kabla ya kumgusa. Alimtazama machoni muda mrefu. "Huyu anaelewa," akasema. Miaka yote hiyo mama alikuwa akiyasubiri maneno hayo, na yamekuja Kabula hana tena sauti ya kuyajibu. Kisha binti akamgeukia mama. "Lakini mama, mbona hamkumpeleka shule akiwa mdogo?"

Nilifungua mdomo nimpashe. Mama akanishika goti, akitazama sakafu safi ya kliniki.

"Ni kweli, mwanangu," akamwambia daktari. "Tulichelewa."