Aliyeshika Waya wa Antena

Mimi si mtu wa hadithi za kuokoteza. Haya yalinikuta mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, na anayetaka kubisha abishe.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa redio za upepo, hizi za kuita na kuitikiwa, kuanzia Shinyanga mpaka Geita. Na nilikuwa fundi kweli. Wenzangu walifunga kwenye waya wa antena plagi yoyote waliyoipata. Mimi waya mnene naupa plagi ya waya mnene, ile ya kuzungusha mpaka ikaze, naichomelea kwa risasi ya kuyeyusha, kisha naivisha kipande cha tyubu ya baiskeli. Plagi ikinywa maji, wenzako utawasikia, lakini wewe husikiki popote.

Ndivyo nilivyoikuta zahanati moja njia ya Nkome. Nesi, Mama Kulwa, alinipokea machozi yakimlengalenga. Ndani kulikuwa na mama aliyeshindwa kujifungua, mtoto amelala upande, na redio haifiki hospitali kuita Landrova. Nikamwambia atulie, fundi nimefika.

Ugonjwa niliuona mara moja: plagi ya chini ya mlingoti wa antena ilikuwa imeoza, kijani tupu. Nikaikata, nikaweka chuma cha kuchomelea kwenye jiko la mkaa. Weee! Mvua ikashuka, jiko likazimika, ngurumo zikaanza kule ziwani. Hapo fundi yeyote anajua la kufanya: ncha ya waya unaitumbukiza kwenye chupa ya kioo ili radi isirukie redio, unakaa mbali. Lakini yule mama analia ndani, ningekaaje mbali?

Nikageuka, nikamwona mwanamume amesimama kwenye mlingoti, kavaa kofia ya kaki. Alinizidi umri, nikamwamkia shikamoo na kunyoosha mkono. Akauficha wake mgongoni.

"Marahaba. Mkono sitoi, mwanangu. Nenda kaongee."

Akainama, akashika ncha ya waya wa mlingoti kwa mkono huu na ya waya unaoingia ndani kwenye redio kwa mkono ule. Niamini, mvua ilikuwa inampiga na shati lake kavu.

Nikakimbia ndani, nikabonyeza kitufe cha kuongelea, nikaita. Hospitali wakaitika kama wako chumba cha pili, wakasema gari linatoka sasa hivi. Sijamaliza kushukuru, radi ikapiga mlingoti. Redio haikuungua hata fyuzi. Nilipotoka hakukuwa na mtu. Zile ncha mbili zilikuwa zimeyeyuka zikashikana, na juu ya shaba kuna alama za vidole.

Mama Kulwa alipoziona alikaa chini palepale kwenye matope. Akaniambia huyo ni Masanja, aliyeendesha redio ile kabla yake. Radi ilimuua akiwa ameshika waya.

"Siku hiyo naye alikuwa anamwitia mzazi gari," akasema. "Halikuja."

Letu lilikuja. Mtoto alizaliwa mzima, akapewa jina la Masanja.

Sasa wewe unayechezea redio, wingu likitanda chomoa antena mapema. Na ukimkuta mtu ameshika waya wako mvuani, ongea haraka, ila mkono usimpe. Mimi mpaka leo, ngurumo zikianza, nazima redio, nachomoa waya, naweka ncha kwenye chupa. Nayo redio, imezimwa hivyohivyo, inaniuliza kwa sauti ileile ya yule wa mlingotini kama gari limefika.

Limefika, mzee, najibu. Ndipo inanyamaza.